Waliolipiga Chapa Bango la Moulin Rouge

Bango la ukumbi wa dansi wa Moulin Rouge la mwaka 1891, lenye mchezaji La Goulue akirusha mguu, lilimpa mchoraji Toulouse-Lautrec sifa, na anaistahili. Lakini heshima yangu kubwa naipeleka kwa mafundi wa kiwanda cha uchapaji. Kila rangi kuu ilihitaji jiwe lake la chokaa, na jiwe lenyewe ni zito kweli kweli. Walilisugua kwa mchanga na maji hadi mchoro wa zamani utoke kabisa. Mchoro mpya ulichorwa kinyume kwa wino wa mafuta, jiwe likapakwa gundi na tindikali, kisha likaloweshwa. Wino wa rola ulishika penye mafuta tu. Penye maji ulikataa. Karatasi ile ile ilirudi mashineni rangi baada ya rangi, na ikisogea kidogo tu, wekundu unavuka mstari wa mguu. Karatasi hiyo imeharibika.

Bango lilikaribia mita 2 kwa urefu, kwa hiyo lilipigwa chapa vipande vipande. Mbandikaji ndiye aliyeviunganisha juu ya ngazi, ndoo ya gundi pembeni, upepo ukimpokonya karatasi, mpaka mchezaji akapata mwili mmoja. Wapita njia wa Paris walimwona kwanza pale ukutani.