Bati, Silingibodi na Asbesto: Uhakiki wa Istilahi za Ujenzi

Katika baadhi ya nyumba za Kinondoni na Temeke zilizojengwa kati ya miaka ya 1950 na 1970, fundi aliyeitwa kukarabati aweza kukuta mabamba magumu ya kijivu ukutani, darini au juu ya paa. Lugha ya kazini huyapa majina mawili: yakiwa juu ya paa huitwa "bati", yakiwa ndani huitwa "silingibodi". Majina haya yana kasoro moja. Yanataja umbo na mahali, hayataji kitu chenyewe. Bati ni chuma. Silingibodi yaweza kuwa ya mbao zilizosagwa, ya jasi, au ya saruji iliyochanganywa na asbesto. Fundi akiambiwa atoboe "silingibodi", hamna katika neno hilo la kumwonya.

Asbesto yenyewe huandikwa pia "asbestosi". Namna hii ya pili haifai, kwa kuwa inakaribiana mno na asbestosisi, ugonjwa wa makovu ya mapafu unaoletwa na madini hayo. Jina la madini na jina la maradhi hayana budi kutengana waziwazi.

Wapo watakaopendelea tafsiri. Lakini asili ya neno ni Kigiriki, na maana yake ni "isiyozimika". Kustahimili moto ndiyo sifa iliyoifanya asbesto ipendwe na wajenzi. Tukiitafsiri kwa sifa hiyo tutaisifu bidhaa na kuficha madhara yake. Mkopo uliotoholewa ni bora.

Neno "sumu" nalo latisha, lakini lapotosha. Watu huelewa sumu kuwa kitu cha kumeza au kugusa. Asbesto hudhuru kwa nyuzinyuzi ndogo mno zinazovutwa kwa pumzi pale bamba linapokatwa, kutobolewa au kuvunjwa. Bamba zima lililoachwa mahali pake lina hatari ndogo. Mwenye nyumba aliyeambiwa kuwa ana "sumu ukutani" hukimbilia nyundo, na hapo ndipo hatari inapoanza. Asbesto imeorodheshwa kimataifa miongoni mwa visababishi vya saratani kwa binadamu; nayo saratani hiyo yaweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40, fundi akiwa amekwisha kuisahau kazi ile.

Kwa hiyo yapendekezwa haya: madini yaitwe "asbesto", bidhaa iitwe "bamba la saruji-asbesto", liwe la ukuta, la dari au la paa, na kinachodhuru kiitwe "nyuzinyuzi za asbesto". Aidha, kwa kuwa jicho haliwezi kuitambua asbesto ndani ya saruji, ila hadubini ya maabara, tunahitaji istilahi mbili zaidi: "bamba linaloshukiwa" na "bamba lililothibitishwa". La kwanza ndilo lenye manufaa makubwa kwa fundi, kwani lamtaka asimamishe msumeno kabla ya majibu kupatikana. Istilahi isiyofika mkononi mwa fundi hubaki kuwa pambo la kamusi.