Kukata, Kumega na Kubana: Tahakiki ya Vitenzi vya Kueleza Utengano wa Utando wa Seli kwa Kurejelea Virusi vya Chikungunya

Sehemu hii inatahakiki namna Kiswahili kinavyoeleza tukio moja la kibiolojia, yaani kutengana kwa utando wa seli kunakosababishwa na polima za protini. Hoja ya msingi ni kwamba kitenzi “kukata”, ambacho humjia mfasiri kwa wepesi, kinaficha tofauti zenye uzito katika ufundishaji na katika uelewa wa magonjwa. Virusi vya chikungunya vimeteuliwa kuwa mfano kwa sababu historia yake ya kitaaluma inaanzia Newala, na inaonesha pia hasara ya kutolichunguza neno.

Uwanda wa juu wa Makonde umelala kati ya bonde la mto Lukuledi, ilipo Nanganga katika barabara ya Lindi kwenda Masasi, na bonde la mto Ruvuma upande wa kusini. Mlipuko wa mwaka 1952 hadi 1953 katika eneo hilo ulielezwa katika makala tatu: Robinson (1955) alishughulikia dalili, Lumsden (1955) uenezi, na Ross (1956) virusi vyenyewe. Ubora wa makala hizo umo katika kueleza mchakato, si kutaja kisababishi tu. Lumsden, kwa mfano, alihusisha mlipuko na uhaba wa maji juu ya uwanda: wakazi walilazimika kuhifadhi maji majumbani, na vyombo vyao vikawa mazalio ya mbu aina ya Aedes aegypti. Jina la ugonjwa lilitokana na Kimakonde, likirejelea kujipinda kwa mgonjwa kutokana na maumivu ya viungo. Hata hivyo, baadhi ya maandishi ya baadaye yamelitaja kuwa neno la Kiswahili. Neno lilichukuliwa, lugha yake ikaachwa.

Uzembe wa aina hiyo hujitokeza pia katika maelezo ya seli. Seli ya mnyama inapogawanyika, pete ya aktini na mayosini hubana kiuno chake hadi likabaki daraja jembamba kati ya seli mbili changa. Utengano wa mwisho wa daraja hilo hutegemea protini za kundi la ESCRT-III. Carlton na Martin-Serrano (2007) walibainisha ulinganifu kati ya hatua hiyo na jinsi Virusi vya UKIMWI (VVU) vinavyojitenga na seli. Guizetti na wenzake (2011) waliona katika daraja hilo nyuzi zenye kipenyo cha nanomita 17 zilizojizungusha kama springi. Protini hizi huungana moja baada ya nyingine na kuwa uzi unaojipanga upande wa ndani wa shingo ya utando. Kimeng’enya VPS4 hutumia nishati ya ATP kuzichomoa protini na kuzipanga upya. Shingo huzidi kuwa nyembamba hadi kuta zake zikutane, kisha lipidi huungana upya, kila upande ukabaki umefungwa. Hakuna makali yanayopita popote. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba utando “umekatwa” ana haki ya kuuliza kwa nini seli haivuji.

Inaweza kupingwa kwamba Kiswahili hutumia “kukata” kwa mapana: mtu hukata tamaa, hukata shauri na hukata kiu bila kisu. Pingamizi hili lina nguvu, lakini halitoshi. Katika misemo hiyo msikilizaji anajua tayari kwamba makali hayapo. Anayekutana na seli kwa mara ya kwanza hana ujuzi huo, hivyo huichukua sitiari kuwa maelezo halisi.

Kitenzi “kumega” ni bora zaidi, kwa kuwa anayemega tonge hubana kwa vidole hadi kipande kikaachana na donge. Picha hiyo inaafiki kazi ya dainamini, protini inayojiviringisha nje ya shingo ya kifuko cha utando na kuibana kwa nishati ya GTP. Kwa ESCRT-III, picha hiyo inapotosha, kwani nguvu hutoka upande wa ndani wa shingo. Ukomo huu wa kitenzi haujadiliwi pale wafasiri wanapotafuta kisawe kimoja kwa michakato yote.

Chikungunya huongeza aina ya tatu. Juu ya utando wa virusi hivyo zimepangika nakala 240 za protini E1 na nakala 240 za E2, na chini yake nakala 240 za protini ya kapsidi. Mpangilio huo wenyewe huchangia kuupinda utando. Taylor, Hanson na Kielian (2007) walichunguza virusi vya Semliki Forest, jamaa wa chikungunya waliogunduliwa Uganda, wakaonesha kwamba kuvuruga VPS4 hakuzuii virusi hivyo kuchipua. Kwa VVU, uvurugaji kama huo huzuia. Kwa hiyo sentensi “virusi hukata utando wa seli” huviweka pamoja virusi ambavyo dawa ya kuzuia ESCRT haingeviathiri kwa namna moja.

Kwa msingi huo, “kubana hadi kutengana” kunafaa kuwa maelezo ya jumla, yakiambatana na upande nguvu inakotoka. “Kumega” kubaki kwa ubanaji wa nje, “kuchipua” kwa virusi, na “kukata” kwa vimeng’enya vinavyokata uzi wa DNA. Nchini Tanzania, ambako wanafunzi wengi husoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili kisha sekondari kwa Kiingereza, kitenzi kisicho sahihi huvuka pamoja na mwanafunzi, na mwalimu wa sekondari ndiye hulazimika kukisahihisha katika lugha nyingine.