Kuchakaza Ndege Mpya

Ukipita Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaita Grogan, utaona kazi ya sprei ikifanywa nje, hadharani. Gari limekuja na mikwaruzo, mlango umebonyea, kutu imeanza kula juu ya magurudumu. Fundi anapaka filla, anapiga msasa, anafunika vioo na magazeti, kompresa inanguruma, na gari linarudi barabarani kama halijawahi kuguswa na makanga yeyote. Kwa nganya ni vilevile, ila mbwembwe ni nyingi zaidi: mchoraji anashika brashi ya hewa, kitu kidogo kama kalamu, na uso wa msanii unatokea ubavuni mwa basi, kivuli kikiyeyuka ndani ya kivuli kingine. Huku kwetu, rangi ya kupuliza ina kazi moja kubwa. Kilichozeeka kionekane kipya.

Wajenzi wa modeli za ndege wanatumia chombo hichohicho kwa kazi iliyo kinyume kabisa. Mtu ananunua seti ya plastiki, vipande sitini au mia mbili vikiwa bado vimeshikana kwenye fremu. Anaiunganisha kwa wiki kadhaa, anaipaka rangi mpaka imekaa sawa, halafu anakaa chini aichakaze: moshi wa eksosi ubavuni, mafuta yaliyovuja chini ya injini, rangi iliyobambuka pale mguu wa rubani unapokanyaga bawa. Ndege haijawahi kuruka hata kutoka mezani, lakini tayari ina miaka mitatu ya vita mwilini.

Nami najenga, usiku, kwenye meza ileile ninayoandikia na kulia, dirisha likiwa wazi kwa sababu ya thina. Kwa hivyo sijaja kucheka mtu. Nataka tu kuiuliza hii sanaa swali ambalo tungeiuliza riwaya au filamu bila kusita: huu uchafu ni hadithi ya nani?

Kwanza, uzuri wake ni wa kweli, na asiyeujua ataona nabishana na toi. Brashi nzuri ya hewa ina kitufe kimoja chenye kazi mbili. Ukikibonyeza chini hewa inatoka. Ukikivuta nyuma sindano inarudi na rangi inafuata. Rangi inapunguzwa mpaka iwe nyepesi kama maziwa, presha inashushwa, na mkono unaanza kutembea kabla rangi haijatoka. Ukikawia mahali pamoja hata kidogo tu, rangi inajikusanya na kutawanyika kama miguu ya buibui. Wengi huanza kwa kupuliza nyeusi kwenye maungio yote ya mabati, halafu wanaleta rangi yenyewe kwa tabaka nyembamba katikati ya kila bati, ili ule weusi ubaki ukichungulia pembeni. Wengine wanalowesha bawa, wananyunyiza chumvi, wanapuliza rangi juu yake, kisha wanasugua chumvi itoke. Kila mahali punje ilipokaa panabaki kovu la rangi ya chini. Chumvi ya kawaida, ile ya mboga. Nikiona kazi hiyo imefanywa na mtu mwenye mkono, bado nasimama kuangalia.

Lakini piga hesabu. Kipimo kinachopendwa sana ni 1/72, yaani kila sentimita ya modeli ni sentimita 72 za ndege yenyewe. Mstari wa robo milimita kati ya mabati mawili, ukiukuza, unakuwa ufa wa milimita 18. Ungeingiza kidole. Hakuna rubani angekubali kupanda kitu kama hicho. Kisha tunaujaza ule ufa rangi ya mafuta nyeusi ili uonekane vizuri zaidi, tunapiga picha, na watu wanasema, aisee, inakaa ya ukweli.

Haikai ya ukweli. Inakaa kama modeli nzuri, na hicho ni kitu kingine. Mtindo huu una historia yake kama mtindo wowote. Mbelgiji François Verlinden aliueneza sana miaka ya 1970 na 1980 kwa vivuli vizito na kingo zilizong'arishwa kwa brashi kavu. Baadaye wakaja Wahispania, Mig Jiménez akiwa ndiye anayejulikana zaidi, wakaupeleka mpaka mwisho wa barabara na kuugeuza biashara. Leo matope yanauzwa kwenye chupa. Vumbi la jangwa lina jina na namba ya bidhaa. Mwambie mtu wa Pipeline, anayepangusa vumbi bure asubuhi na jioni, kwamba kuna watu wanaagiza vumbi kwa posta. Sisemi hivyo kwa utani peke yake. Kupenda kutu kunahitaji kuwa mbali nayo. Mwenye Probox ya zamani anayengoja mwisho wa mwezi haoni ushairi kwenye kutu.

Utasema ni hobi tu, tulia. Ningetulia, ila hobi yenyewe haijatulia. Hawa ni watu wanaobishana kama kijani fulani cha jeshi la anga la Uingereza, RAF, kilikuwa na bluu kidogo ndani yake, na wanaleta picha za zamani na vipande vya bati kama ushahidi. Wanaita kazi yao uhalisia. Wanadai kwamba modeli ni kumbukumbu ya kitu kilichotokea. Ukidai hivyo, umekubali kusomwa.

Hebu tuisome basi. Ukishika ndege ya 1/72 nusu mita kutoka usoni, unaitazama kama mtu aliyesimama mita 36 kutoka kwa ndege halisi. Mita 36 ni umbali wa mtu aliye ndani ya uwanja, mwenye ruhusa ya kuwa pale. Ni fundi, ni rubani, ni mpiga picha wa jeshi. Doa la mafuta ni kumbukumbu ya fundi aliyemwaga. Rangi iliyobambuka ni kumbukumbu ya kiatu cha rubani. Moshi kwenye mdomo wa bunduki unatuambia bunduki ilifyatuliwa na unaishia hapo. Uchafu wote tunaoupaka kwa upendo mwingi ni ushuhuda wa upande mmoja, wa wenye ndege. Aliye chini ya ndege haoni maungio ya mabati. Anasikia sauti, pengine anaona kivuli, anatafuta pa kuingia.

Na brashi ya hewa ina historia nyingine ambayo wajenzi hatuitaji sana. Kabla ya kompyuta, ndiyo ilikuwa chombo cha kusafishia picha. Stalin alipigwa picha kando ya mfereji wa Moscow akiwa na Nikolai Yezhov, mkuu wa polisi wake wa siri. Yezhov aliuawa mwaka 1940, na kwenye picha iliyotolewa baadaye mahali aliposimama pana maji tu. Mpako laini usio na alama ya brashi, ule tunaoutamani kwenye bawa, ndio huohuo unaoweza kumfuta mtu bila kuacha mshono.

Masanduku ya modeli nayo yamepitia kitu cha aina hiyo. Roy Cross, aliyechora masanduku ya Airfix kuanzia 1964 hadi 1974, alichora vita vikiwa vita: moto, milipuko, ndege ya adui ikianguka nyuma. Michoro hiyo ilipochapishwa tena baadaye, mingine ilifutwa moto na milipuko. Ndege ileile, pembe ileile, mawingu yaleyale, ila sasa inaruka mahali ambapo hakuna kinachotokea. Kwa upande wa Ujerumani, kwa kuwa sheria huko inabana nembo za Wanazi, stika za Revell ya Ujerumani hazina swastika, na watengenezaji wengine huikata vipande ili mjenzi aiunganishe mwenyewe akitaka. Kwa hivyo usiniambie hii sanaa haijui aibu. Inaijua. Imechagua tu mahali pa kuiweka: kwenye nembo moja, ya nchi moja.

Sasa twende kwa Harvard, maana hapo ndipo mimi nilikuwa naelekea tangu mwanzo.

Harvard ni ndege ya mafunzo iliyoundwa na North American Aviation. Wamarekani waliiita Texan. Zilitengenezwa zaidi ya 15,000, na marubani wengi wa vita vya pili vya dunia walijifunzia humo. Ina sura ya upole: pua ya mviringo, kioo kirefu chenye fremu nyingi, viti viwili, cha mbele na cha nyuma. Airfix wameitoa kwa plastiki, Academy pia, na Italeri. Kwenye 1/72 mabawa yake yanafika karibu sentimita 18, kwa hivyo inakaa vizuri kwenye kiganja. Ni modeli ambayo ungempa mtoto.

Mwaka 1953, miezi michache baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, RAF ilianzisha kikosi kidogo cha Harvard humu nchini, 1340 Flight. Kilianza Thika, kikahamia Mweiga karibu na Nyeri. Ndege za mafunzo zikafungwa mabomu ya ratili 20, kama kilo tisa kila moja, na kutumwa juu ya misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya kuwatafuta Mau Mau. Mwisho wa mwaka huo zikaja Lincoln, ndege kubwa za injini nne, na mabomu ya ratili 500 na 1,000. Hizo ziliondokea uwanja wa Eastleigh. Ndiyo, Eastleigh hiyohiyo. Leo uwanja ni Moi Air Base, na matatu za namba 6 na 9 zinaenda mtaa huohuo kila siku.

Tuseme unataka kuijenga Harvard ya Mweiga. Rangi ya kawaida ya ndege za mafunzo za RAF miaka hiyo ilikuwa fedha, na mikanda ya njano. Njano ilikuwa onyo: jihadhari, huyu ni mwanafunzi. (Mkenya aliyeishi na sheria za Michuki za 2004 anajua vizuri mkanda wa njano ni nini.) Fedha inapulizwa juu ya nyeusi inayong'aa, tabaka nyembamba sana, na ikikubali inapendeza kweli. Kisha mchakazaji ataanza kazi. Moshi wa eksosi upande wa kulia wa pua. Mafuta kidogo. Halafu magurudumu, na hapo atafurahi, kwa sababu uwanja ni wa Nyeri na udongo ni mwekundu. Kuna chupa ya rangi hiyo.

Hapo ndipo nakwama na huu mtindo. Wale watu waliokuwa msituni walijiita jeshi la ardhi na uhuru. Udongo ndio ulikuwa kesi nzima. Na kwenye modeli bora kabisa ya Harvard ya Mweiga, iliyojengwa na mkono bora kabisa, udongo huo utaonekana kama vumbi la kupendeza kwenye tairi la milimita chache. Hakuna kosa la kiufundi. Jaji wa mashindano angeisifu. Ndiyo maana nasema tatizo liko kwenye umbo lenyewe, na ustadi zaidi hautalitatua. Ukipaka vizuri zaidi, ndege inazidi kupendeza.

Kuna waliojaribu kutoka. Mmarekani Shep Paine, ambaye miaka ya 1970 alitengeneza diorama zilizowekwa kwa vipeperushi ndani ya seti za Monogram, aliwafundisha wengi kwamba ndege inahitaji ardhi, watu, na kitu kinachoendelea. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini diorama nyingi za ndege nilizoziona bado ziko uwanjani: fundi na spana, rubani na mbwa wake, pipa la mafuta. Bado tuko mita 36.

Naweka hesabu nyingine hapa kwa yeyote mwenye subira kuliko mimi. Mtu wa urefu wa kawaida kwenye 1/72 ni sentimita mbili na nusu hivi. Mianzi ya Nyandarua yenye urefu wa mita 10 ni sentimita 14. Mtarakwa wa mita 25 ni karibu sentimita 35, mrefu karibu mara mbili ya upana wa Harvard nzima. Ukijenga msitu huo kwa kipimo sahihi, miti ndiyo itakula muda wote, jani kwa jani, na ndege itakuwa kazi ndogo ya mwisho. Na ndege yenyewe usiiweke kwenye kijiti cha sentimita kumi. Tuseme iko mita 150 juu ya ardhi. Kwa 1/72 hizo ni zaidi ya mita mbili. Msitu ungekaa sakafuni, Harvard ingening'inia kwa uzi kutoka darini, na mtazamaji angelazimika kupiga magoti ili aone kilichopo kati ya miti. Kutoka pale chini, moshi wa eksosi hauonekani. Kovu la chumvi halionekani. Hata ile mikanda ya njano ungeikosa, kwa sababu taa ya chumba iko nyuma ya ndege.