Dodoso la Ngoswe na kiti cha mjomba

Edwin Semzaba alitaka kuandika mchezo juu ya mapenzi, akaanzia kwenye sensa. Katika *Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe*, karani Ngoswe anaingia kijijini na karatasi zake, na kazi yake ni kuuliza mambo ambayo mgeni mwingine angeambiwa hana adabu kuyauliza. Humu ndani mko wangapi? Huyu mke wa nani? Na yule?

Hapo ndipo ninapompa heko. Mwandishi ambaye hajaiva angewakalisha wahusika chini ya mwembe wahutubiane kuhusu ndoa hadi pazia lishuke. Semzaba anawaacha wajibu dodoso. Mzee Mitomingi, mwenye wake wawili, akihesabu watu wa nyumba yake tu, ameshatwambia ndoa kwake ni nini: ni mji kujaa, naye kuwa juu yao wote. Mama Mazoea na Mama Inda wanaishi ndani ya hesabu hiyo, kila mmoja kwa jina la mtoto wake. Mazoea anamwona kijana wa mjini, na ndoa anayoitamani ni ile itakayomtoa pale. Ngoswe naye penzi la Mazoea limemkuta kazini, na kazi ndiyo inayolipa: baba mtu anazitia karatasi moto. (Karani wa sensa ya 2022 alibeba kishikwambi; Mitomingi angehangaika.)

Anwani ya pili ya mchezo inalitupia penzi lawama zote. Sikubaliani nayo, na nadhani mchezo wenyewe haukubali. Uzembe ni wa karani aliyeacha kazi ya serikali. Hasira ni ya mzee aliyezoea kuamua peke yake. Ukimsikiliza kila mmoja kwa zamu, kila mmoja ana haki yake, na ni vigumu kuandika hivyo bila kumpendelea yeyote.

Sasa uchukue mchezo huu uuigize Nambilanje, Ruangwa, wilaya iliyomegwa kutoka Nachingwea mwaka 1995. Kwa Wamwera, kama kwa jirani zao Wamakonde na Wayao, ukoo ulifuata upande wa mama. Mume ndiye aliyehamia kwa wakwe akalima mashamba yao, na posa ya binti haikwenda mbali bila kauli ya mjomba. Uislamu, shule na fedha za korosho vimeyabadili mengi, lakini mjomba hajaondoka sebuleni. Sheria ya Ndoa ya 1971, ilipotaka ridhaa kwa binti aliye chini ya miaka 18, ilimtaja baba, akifariki mama, kisha mlezi. Mjomba hakutajwa.

Mtazamaji wa huko ataguna mapema: mbona baba anaamua peke yake? Na kutoroka kwa Ngoswe na Mazoea kutamshangaza pia, kwani kwa desturi ile Ngoswe ndiye angepaswa kubaki, ashike jembe, apimwe misimu kadhaa chini ya macho ya mama mkwe. Mchezo unaweza kulibeba swali hilo bila kupasuka, maana Semzaba aliacha nafasi kati ya maneno ya watu wake. Kiti kimoja kinaongezwa jukwaani, mjomba anakaa, na mwongozaji anabaki na uamuzi mmoja mgumu: baba ambaye zamani angehesabiwa mgeni katika mji wa mkewe, na mjomba mwenye kauli, nani kati yao akabidhiwe kiberiti?