Daktari Alikuwa Sahihi

Mara ya kwanza nilipoitazama The Heiress, niliushangilia mwisho wake. Mara ya pili niliitazama na dada yangu, sebuleni kwake, na sikujua niyapeleke wapi macho yangu.

Filamu hiyo iliongozwa na William Wyler na ilitoka mwaka 1949. Ruth na Augustus Goetz waliiandika kutokana na tamthilia yao iliyochezwa Broadway mwaka 1947, nayo tamthilia ilitokana na riwaya ya Henry James ya mwaka 1880, Washington Square. Asili ya jukwaani bado inaonekana. Karibu kila jambo zito linatokea ndani ya nyumba moja ya New York ya karne ya 19, kati ya sebule, mlango wa mbele na ngazi.

Catherine Sloper (Olivia de Havilland) ni binti pekee wa daktari tajiri. Ana haya, na maongezi ya watu wengi humshinda. Baba yake (Ralph Richardson) humpima kwa mizani ya marehemu mama yake, na kila siku anaonekana pungufu. Ndipo anapokuja Morris Townsend (Montgomery Clift), kijana mtanashati asiye na kazi. Catherine ana dola 10,000 kwa mwaka alizoachiwa na mama, na baba akifa ataongezewa 20,000. Daktari anapiga hesabu na kuhitimisha kwamba kijana amefuata mali.

Na daktari yuko sahihi. Hapo ndipo filamu inaponibana.

Usiku wa kutoroka, Catherine anamwambia Morris kwamba hataki tena hata senti ya baba. Kisha anakaa na mizigo yake, akisikiliza magari ya farasi yanayopita. Wyler hatuoneshi Morris akighairi. Anatuacha sebuleni na mtu anayesubiri. Mwishowe Catherine anapanda ngazi na mzigo wake, taratibu, kama aliyezeeka usiku huohuo. De Havilland alipata Oscar yake ya pili kwa uigizaji huu, na kwangu tukio hilo peke yake lingetosha kumpa.

Ni rahisi kusema Morris ndiye mwizi. Lakini alipotoweka, kitu cha thamani zaidi kilikuwa kimeshachukuliwa. Kabla ya hapo baba alikuwa amemwambia binti yake usoni kwamba hana cha kupendewa ila fedha, na kwamba sifa yake ni kudarizi vizuri. Angeweza kusema, "Simwamini kijana huyu." Alichosema, kwa maana yake, ni, "Nani angekupenda wewe?" Ushauri ni uleule, lakini kauli ya pili haimgusi kijana hata kidogo. Inampiga binti.

Najua, kwa sababu nimewahi kuitamka. Dada yangu alipomleta mchumba nyumbani, nilimwita pembeni, uani. Dada alikuwa ameajiriwa na ameshajenga vyumba viwili. Mwanamume hakuwa na shughuli inayoeleweka. Nilimuuliza, "Dada, kama si mshahara wako, unadhani angekuangalia?" Baada ya miezi minane yule bwana aliondoka na pikipiki iliyonunuliwa kwa mkopo wa dada. Ndugu walinisifu kwa kuona mbali. Dada hakusema kitu. Tangu siku ile hajaniomba ushauri wala nauli.

Katika riwaya, Morris anaporudi baada ya miaka, Catherine anamkatalia kwa utulivu na kurudia kazi yake ya sindano. Akina Goetz walimpa kisasi. Anajifanya amekubali, anampa vifungo vya yakuti alivyomnunulia Paris, na anamtuma akalete mizigo. Morris anaporudi na kubisha hodi, Catherine anaamuru mlango utiwe komeo. Anachukua taa na kupanda ngazi zilezile, huku nje Morris akiugonga mlango na kuliita jina lake.

Hapo ndipo niliposhangilia mara ya kwanza. Sasa naona filamu ilishanionya. Muda mfupi kabla, shangazi yake anapoushangaa ukatili huo, Catherine anajibu kwamba amefundishwa na mabingwa. Ni wingi. Morris ni mmoja. Mwingine alishakufa, akiwa amemwita binti yake kitandani na binti akakataa kwenda. Komeo lile limefungiwa watu wawili, na mmoja wao hakuwahi kusema uongo. Tukiufurahia mwisho kama ushindi mtupu, tunasahau kwamba aliyebaki ndani amebaki peke yake.

Filamu ilipoisha, dada aliniuliza, "Huyo baba hakumwomba radhi hata alipokuwa anakufa?"

"Hakumwomba."

Akakusanya vikombe, akaenda jikoni. Nilikaa kidogo, kisha nikainuka na kumfuata.