Mwandishi wa Kibiti na Swali la Ukweli

Makada wengi wakisikia habari za kudhibiti maandishi humfikiria Waziri na amri ya kufungia gazeti. Uwezo huo ulikuwamo katika Sheria ya Magazeti ya 1976, na mwaka 2017, chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016, uliyapata Mawio, MwanaHalisi na Tanzania Daima. Lakini habari ya Azory Gwanda inatulazimisha kutazama namna nyingine ya kunyamaza, isiyo na amri wala sahihi.

Ndugu Azory alikuwa mwandishi wa kujitegemea aliyeliandikia Mwananchi kutoka Kibiti. Hakuandika nadharia, aliandika mauaji. Katika Kibiti, Rufiji na Mkuranga walikuwa wakiuawa viongozi wa vijiji, wakiwamo wa Chama chetu, pamoja na askari. Tarehe 13 Aprili 2017 polisi wanane waliuawa Jaribu. Basi tujiulize: anayeutangazia umma kwamba makada wa vijijini wanauawa, ni adui wa nani?

Anayeijua delta anajua uzito wa kazi hiyo. Ukitoka Nyamisati unapanda boti, unapita mikoko, na habari ya huko isipokuwa na mtu wa karibu wa kuipokea haifiki Dar es Salaam.

Uandishi wa wakati ule ulikuwa na udhaifu, nasi hatuna budi kuukosoa. Maneno "watu wasiojulikana" yalirudiwa mpaka yakawa kama jina la ukoo, kana kwamba kutojulikana ni sifa ya muuaji na si upungufu wa uchunguzi. Nasi tuliyakariri mikutanoni.

Tarehe 21 Novemba 2017, kwa maelezo ya mke wake, Azory alimfuata shambani akiwa na watu ndani ya gari jeupe, akasema ana safari ya dharura na kwamba angerudi kesho yake. Hakurudi. Julai 2019 Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, aliiambia BBC kwamba alitoweka na kufa. Kisha ikafafanuliwa kwamba Serikali haikuwa na uthibitisho.

Wapo wenzetu wasemao kuuliza ni kuwapa silaha mabeberu. Hoja hii hatuikubali: mwanachama hula ahadi ya kusema kweli, na ahadi hiyo haina mpaka wa wilaya. Magazeti yale yalifunguliwa Februari 2022, tukapongeza. Kuhusu Azory, umma bado haujapewa maelezo ya kuridhisha.