Majani ya Desemba

Mgeni anayepita Haneti mwezi wa Oktoba, akishika barabara ya Dodoma kwenda Kondoa, huwaona ng'ombe waliobaki ngozi na mifupa akadhani ameiona njaa yenyewe. Bado. Njaa inayomtisha mfugaji huja mbele kidogo, mvua ya kwanza ikishanyesha, vilima vya Chenene vimeanza kuvaa kijani na mgeni yule angeapa kuwa shida imekwisha. Majani ya wiki hizo ni maji matupu. Ng'ombe akishanusa machipukizi hataki tena makavu. Hushinda akiyafukuza huku na huko, na nguvu anazozimaliza miguuni ni nyingi kuliko zile anazozipata mdomoni. Usiku mvua inamnyeshea zizini, mwili hauna mafuta ya kupambana na baridi. Hapo ndipo hulala asiinuke.

Kazi ninayoisifu hapa inazilenga wiki hizo chache. Ni kupanda kishamba cha malisho, nusu ekari au ekari moja, ukakizungushia miiba, ukayakata majani yake yangali na utamu, ukayakausha na kuyatunza mpaka Desemba. Kwa macho ni kazi ndogo. Wapo Wamarekani wanaopanda vishamba vya klova kwa ajili ya wanyama pori wa misitu yao, ili theluji ikiyeyuka na msitu haujachipua, mnyama aliyekonda apate cha kumvusha. Hesabu yao na ya Haneti ni moja: kinachoua ni ule mwanya kati ya dalili ya neema na neema yenyewe.

Nyasi inayofaa sana nchi hii ni ile ambayo wataalamu huiita Cenchrus ciliaris, yenye suke la manyoya. Mizizi yake huenda chini sana, na mvua ya Dodoma, isiyozidi sana milimita 600 kwa mwaka na karibu yote ikinyesha kati ya Desemba na Aprili, inaitosha. Ni ya kwetu hasa. Enzi za ukoloni mbegu yake ilichukuliwa Dodoma ikapelekwa Queensland, Australia, na aina iliyotokana nayo ikaitwa Biloela, jina la mji wa huko. Wafugaji wa Australia wamenenepesha ng'ombe kwa nyasi ya Ugogo, nchi hii ya Dodoma, na mimi nikilifikiria hilo hujiuliza kwa nini sisi wenyewe bado tunaiona kama gugu la kando ya njia.

Mbegu yake ina tabia zake. Iliyovunwa jana huota kwa shida. Huwekwa miezi kadhaa, hata mwaka, ndipo iamke vizuri. Kwa kuwa ni nyepesi yenye manyoya, upepo huipeperusha mkononi, basi huchanganywa na mchanga ndipo imwagwe kwenye mistari. Haifukiwi sana: udongo wa kuifunika tu, la sivyo haitoki. Mwaka wa kwanza ni wa kupalilia na kuvumilia, mnyama asiingie hata mara moja, mpaka nyasi idondoshe mbegu zake na mizizi ishike.

Kisha unakuja uamuzi ambao kwangu ndio roho ya ufundi huu: siku ya kukata. Nyasi inakuwa na lishe nyingi inapoanza kutoa suke, lakini wakati huo mvua ingali inanyesha, na majani yaliyokatwa yakinyeshewa huoza. Ukisubiri Mei, jua ni la uhakika, ila umekata mabua. Fundi hulisoma wingu. Anavizia siku tatu nne kavu ndani ya masika, anafyeka asubuhi umande ukishakauka, anageuza jioni. Hushika kitita akakisokota: kikiacha unyevu kiganjani, bado; kikivunjikavunjika, jua limekwisha kula majani na kumwachia vijiti. Majani yaliyokaushwa vema hubaki na rangi ya kijani na harufu inayomvuta ndama. Hushindiliwa katika kisanduku cha mbao kisicho na kitako, yakafungwa kamba kuwa marobota, yakapandishwa uchanjani, mbali na mchwa.

Na haya yote hufanyika wakati mifugo ya kijiji kizima imenona, maziwa yamejaa vibuyu, na mtu anayekausha majani anaonekana hana la kufanya.

Ugogo haukuanza jana kuweka akiba ya malisho. Wagogo wana milaga, maeneo yanayofungwa masika ili yaliwe kiangazi, kama Wasukuma walivyo na ngitili. Kishamba cha kupanda ni mtoto wa akili hiyo hiyo. Nchi hii imewahi kujaribiwa kwa nguvu kubwa zaidi. Kongwa, mwaka 1947, Waingereza waliingiza matrekta kulima karanga. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na ardhi ile baadaye ikawa ranchi, nyasi ikachukua ilichonyimwa. Kondoa, chini ya HADO, mradi wa kuhifadhi ardhi ulioanza mwaka 1973, mifugo yote iliondolewa mwaka 1979 katika eneo lililoliwa na makorongo, na majani yakarudi. Lakini aliyehamishiwa ng'ombe zake anajua gharama ya dawa ile. Mimi nampenda zaidi anayeanza na nusu ekari yake kabla serikali haijalazimika kuja.

Nusu ekari haiwezi kulisha kundi zima, na anayejaribu hupoteza vyote. Ng'ombe wa kienyeji hula kilo sita hivi za majani makavu kwa siku. Robota moja la kilo 15 linamtosha siku mbili na nusu. Kwa hiyo mwenye kishamba huchagua. Wenye mimba kubwa, waliozaa juzi, ndama, na maksai, kwa kuwa mvua ile ile inayowakuta maksai wamekonda ndiyo inayowadai jembe, na mtama uliochelewa kupandwa Haneti mara nyingi haukomai. Hupewa alfajiri, kabla ya kufunguliwa, ili watoke na kitu tumboni wasikimbilie machipukizi kwa pupa. Kishamba chenyewe kinabaki kimefungwa, hata kikianza kupendeza, kwa sababu nyasi inayochipua inakula akiba ya mizizini, na ikiliwa wiki hizo haina cha kuchipulia tena. Kitafunguliwa Machi, kwa fyekeo, na masuke machache yaliyoachwa pembeni yatakusanywa mfukoni kwa jirani aliyeuliza mbegu.